Mfupa Utaunga Wenyewe, Siku Je?

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi kwa waliovunjika mguu, katika ukumbi wa kanisa letu mtaani Umoja, Nairobi. Mvua iliwazuia wengi, na wenye magongo ndio nisiowalaumu hata kidogo, maana magongo na matope ya Umoja hawajawahi kupatana. Nimeiandika kama nilivyoisema, pamoja na mizaha.

Habari za mchana, ndugu zangu. Nyinyi wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Isipokuwa wewe kijana mwenye plasta: kaa hapo hapo, na huo mguu uweke juu ya kiti. Mpeni kiti. Hapo bado uko chini. Ongezeni mto, au koti la mtu. Haya, sasa. Na ukilala nyumbani, uwe juu kupita kifua. Tungeweza kufunga mkutano hapa tukaenda zetu, maana nusu ya niliyokuja kusema ni hiyo.

Nimehesabu wenye magongo humu ndani, ni sita. Watano ni vijana wa boda, wa sita ni mama aliyeteleza bafuni. Mimi si daktari, si mchungaji. Ni fundi cherehani, kibanda changu kiko soko la Uhuru pale Jericho, na nimeitwa kwa sababu moja tu: mwaka juzi nilitembea kwa magongo siku 119. Nilizihesabu. Na mtu anayehesabu siku mpaka 119, jueni hakuwa anazifurahia.

Nilivunjika hivi. Maji yalikuwa yamekatika siku ya nne, na mnaokaa ghorofani mnajua hiyo ni shughuli gani. Kijana wangu alikuwa ameenda mpira. Nikasema, mtungi wa lita 20 utanishinda mimi? Nikaupandisha hadi ghorofa ya tatu, tena nikijisifu. Kilichonivunja si mtungi. Nilikuwa nashuka kuchukua wa pili, mikono mitupu, simu sikioni, nikadhani ngazi zimeisha. Kumbe imebaki moja. Moja tu! Nikakanyaga hewa. Mfupa wa muundi, mguu wa kushoto, ukalia ka! Kwenye simu kulikuwa na mteja anauliza sketi za shule zitakuwa tayari lini. Nikamjibu, "Jumanne." Ndipo nikapiga ukemi.

Hospitali siitaji jina. Usiku wa kwanza plasta ilinibana hadi vidole vikawa baridi, vikageuka rangi. Nikavumilia mpaka asubuhi nikidhani ndivyo plasta inavyokuwa. Sivyo! Nyinyi watano, na wewe mama, nisikilizeni: vidole vikiwa baridi, vikiwa vya bluu, vikifa ganzi, maumivu yakizidi badala ya kupungua, hakuna kungoja kupambazuke. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikukata ghafla, huenda damu imeganda mahali, na mahali pa kwenda ni hospitali, si kwenye kikundi cha maombi. Tutawaombea mkiwa njiani. Hayo ya daktari nimeyamaliza, nisije nikala kazi ya watu.

Sasa niwaulize. Mguu ukivunjika, ni nini kingine huvunjika?

(Kijana mmoja alijibu, "Mfuko!" Ukumbi ukacheka.)

Mfuko, ndiyo. Kwenye mfuko tutafika. Lakini kabla ya mfuko ni siku. Siku yako huvunjika vipande vipande, na hakuna anayeipiga picha ya eksirei.

Mimi niliambiwa mfupa wa muundi kwa mtu mzima huchukua miezi mitatu, minne, hata sita kuunga. Na unaunga wenyewe, humo gizani ndani ya plasta, hauombi ushauri wako. Kazi yako ni kutouharibia: usiukanyagie kabla ya kuruhusiwa, uache sigara maana inauchelewesha, ule omena na mayai na maharagwe, uote jua. Kisha? Ukiyajumlisha hayo yote hayajazi saa mbili. Siku ina saa 24. Hizo nyingine utazifanyia nini?

Mimi wiki mbili za kwanza niliziacha tu. Simu mkononi hadi saa nane usiku, natazama watu wakicheza ngoma ilhali mimi kufika chooni ni safari ya dakika kumi. Naamka saa tano, chai imepoa, ina ngozi juu. Saa nane mchana bado niko na leso ya kulalia. Ukiniuliza leo ni siku gani, sijui. Nilikuwa nachoka, na sijafanya lolote. Mnaujua uchovu huo? Vijana, mnaujua?

Siku ya 14 kijana wangu alipika ugali. Ana miaka 16, na kusonga ugali alijifunza kwa ajili yangu. Ulikuwa na madonge. Nikamrushia kijiko. Hakikumpata, kiligonga kabati la vyombo, alama iko hadi leo. Hakunijibu. Aliokota kijiko, akakiosha, akakirudisha kando ya sahani yangu, akaendelea kula. Ndugu zangu, mimi tangu nizaliwe sijamrushia mtu kitu. Nililia siku hiyo kuliko siku niliyovunjika. Ugali ule haukuwa na kosa. Ni zile siku 14 tupu zilizokuwa zimenijaa hapa, kifuani, zikatafuta pa kutokea.

Kesho yake niliamshwa na adhana ya alfajiri. Mnanijua, mimi ni wa kanisa hili, nimebatizwa kwa maji mengi. Lakini msikiti uko nyuma ya ploti yetu, na miaka yote adhana hiyo ilikuwa kelele ya kunigeuza upande wa pili tu. Asubuhi ile nikaisikiliza, nikajiambia: kuna mtu ameamka, anajua ni saa ngapi na anajua la kufanya. Basi nikamwazima ratiba yake. Alfajiri, naketi kitandani na kunawa uso. Adhuhuri, mazoezi. Alasiri, nalala na mguu juu, saa nzima, bila kuongea na mtu. Magharibi, simu inaenda chumbani kwa kijana, hairudi hadi asubuhi. Jirani yangu Mwislamu alipojua alicheka hadi akashika ukuta. "Mama, yaani sisi tunaswali, wewe unakaza paja!"

Ndivyo. Nilikuwa nakaza paja. Fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliniambia misuli ya paja hunywea upesi mguu ukilala bure, akanionyesha zoezi la kufanya hata ukiwa na plasta. Hebu tulifanye sote, mliovunjika na wazima. Nyoosha mguu mbele yako. Bana paja kana kwamba unalisukuma goti chini. Usizuie pumzi. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Achia. Mchungaji, na wewe. Tena. Mara kumi, kisha unachezesha vidole. Plasta ilipotolewa, huku chini mguu ulikuwa mwembamba kama mwiko na ngozi inabanduka kama ya viazi, lakini paja lilikuwepo. Hilo paja ndilo lililonisimamisha.

Haya, mfuko. Mimi nilivunjika Novemba. Fundi wa sare za shule akivunjika Novemba ni sawa na mkulima kuvunjika mvua ikianza, kwa sababu shule hufunguliwa Januari, na mwaka mzima sisi tunaula kutoka miezi hiyo miwili. Nikaona siwezi kulala. Wiki ya tatu nikamwambia kijana anisogezee cherehani, mguu mbovu nikauweka juu ya kigoda kando, nikaanza kukanyaga kwa mguu mmoja. Mliowahi kukanyaga cherehani mnajua: gurudumu lisipoanza vizuri linazunguka kinyume, na likizunguka kinyume linakata uzi. Likakata. Nikatunga. Likakata. Nikatunga. Mara ya sita nikaliona gurudumu lile kama mtu mwenye kinyongo nami. Jioni mguu ulikuwa umevimba, plasta inanibana, na sijamaliza hata sketi moja. Huo haukuwa ujasiri, ulikuwa ukaidi, na wengi wetu huviita kitu kimoja.

Nikampigia fundi mwenzangu pale sokoni, tumepakana vibanda miaka tisa. Nikamwambia, chukua oda zangu zote. Zote! Mnajua fundi kutoa wateja wake ni nini? Nilihisi nimejivunja mguu wa pili. Akanyamaza kidogo, akasema, "Nitashona. Lakini vifungo mimi huvichukia. Vifungo vyote nakuletea wewe." Tukakubaliana shilingi tatu kwa kifungo.

Kila Jumatatu boda analeta gunia la mashati. Shati moja vifungo saba. Nalala chali, mguu juu ya mito miwili, shati kifuani, nashona. Kifungo unakipitisha uzi mara nne, unauzungusha chini yake mara tatu kisimame kidogo kisibane kitambaa, unafunga, unakata kwa meno ingawa mama yangu alinikataza. Siku ya kwanza nilifanya mashati 9. Kufika Januari nilikuwa nafanya 40. Hesabuni wenyewe, vifungo 280. Hela ile haikulipa kodi yote, nisiwadanganye. Ilinunua unga na maziwa. Lakini jioni kijana akirudi ananikuta na rundo la mashati yaliyokunjwa, na badala ya kuniuliza "Unaumwa?" akawa ananiuliza "Leo umefika ngapi?" Mnasikia tofauti ya maswali hayo mawili?

Kuna Mkenya mwenzetu mnamjua, mwanariadha Henry Wanyoike. Alipoteza macho mwaka 1995, akiwa kijana tu, kiharusi kilimpata usiku. Wengi tunamkumbuka kwa Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, mbio za mita 5,000 za wasioona, pale mkimbiaji aliyekuwa akimwongoza alipoishiwa nguvu karibu na mwisho na yeye asiyeona ndiye akawa anamvuta hadi utepeni, wakachukua dhahabu. Hiyo kila mtu huisimulia. Mimi ninayoipenda ni ya kabla ya hapo: kwamba alipokuwa gizani, kabla ya medali yoyote, alijifunza kufuma sweta. Mwanamume wa mbio, amekaa, anahesabu mishono kwa vidole. Nilipokuwa kwenye vifungo nilikuwa nawaza mishono yake kuliko dhahabu yake.

Sasa wewe kijana wa boda utaniambia, mama, mimi si fundi, kifungo sikijui. Sawa. Unajua pikipiki? Unajua kila kichochoro kutoka hapa hadi Kayole? Pale kwenye stegi yenu kuna kitabu cha michango, au kila mtu anaandika kwenye kiganja? Nani anawapigia wateja wa kila asubuhi kuwaambia fulani anakuja? Hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa. Iombeni. Isipopatikana, kuna mtoto wa jirani asiyejua jedwali la saba. Sitaki kuendelea, nyinyi mna akili.

Nije kwa wageni. Hapa nitasema kweli na wengine mtanuna.

Wageni wanakuja, Mungu awabariki, wanaleta machungwa. Halafu wanakaa, wanatazama plasta, wanavuta pumzi, na kila mmoja ana binamu. Jamani, kuna binamu wangapi waliokatwa mguu nchi hii? Binamu wa Murang'a, binamu wa Kakamega, binamu wa Kitui, wote walianza hivi hivi! Mgeni akiondoka machungwa yanabaki na binamu naye anabaki, usiku mzima uko naye kitandani.

Nikaweka sheria. Macho yangu yamepita 40, sindano hainioni wala mimi siioni. Kila mgeni aingiapo anapewa sindano 10 na kibunda cha uzi: tunga. Watu wakawa wamekaza macho, ulimi nje, hakuna wa kukumbuka binamu. Mama mboga wetu alikuwa anatunga 20 kwa dakika chache huku ananipa habari za mtaa, nani kahama usiku, nani kaolewa. Wanaume ndio walioshindwa, lakini ndio waliorudi kujaribu tena! Mzee mmoja wa kanisa hili, simtaji, anacheka pale, alitunga sindano mbili kwa saa nzima, akaenda nyumbani akiwa na fahari kama aliyejenga daraja.

Na kijana wa mlango wa pili aliyenibebea maji siku zote hizo, kila siku mitungi miwili, sikumlipa hela, angekataa. Nilimtilia zipu kwenye koti lake la kazini na kupunguza suruali tatu. Mama mboga nilimshonea aproni yenye mfuko wa noti na mfuko wa sarafu, mbali mbali. Ukipokea tu, kutwa unasema asante, asante, asante, shingo inakuuma.

Ya magongo yenyewe nitayapitia haraka. Mimi niliazimwa marefu, nikawa nimening'inia kwa makwapa kama nguo kwenye kamba. Wiki moja tu, vidole vya mkono vikaanza ganzi. Fizio akanigombeza: uzito unabebwa na viganja, si kwapa, kwapani kuna mishipa ya fahamu. Ukisimama wima, vidole viwili au vitatu vipite kati ya gongo na kwapa, na pa kushika pawe usawa wa kifundo cha mkono. Ngazi: kupanda, mguu mzima unatangulia. Kushuka, magongo na mguu mbovu vinatangulia. Na ngazi ya mwisho, ndugu zangu, ihakikishe kwa macho! Raba za chini zikiisha ukatembea kwenye vigae vilivyolowa, utarudi ulikotoka. Choo cha kuchuchumaa, tafuteni kiti cha plastiki, mtu awakatie tundu katikati na kulainisha kingo. Msione haya. Kuoga, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017, mfuko wa kufunikia plasta ni dhahabu. Mimi nilikata koti kuukuu la mvua, nikatia lastiki juu na chini, na bado mguu niliuweka nje ya beseni. Plasta ikiwasha, msiingize kitu. Nyumbani kwangu kuna sindano za kufumia za kila urefu, na usiku mmoja moja ilinitazama sana. Sikuigusa.

Matatu? Kuna makanga aliyeshuka akasimamisha gari katikati ya Jogoo Road, akanishika kiuno kwa adabu zote, akanipandisha huku madereva wa nyuma wakipiga honi na yeye akiwajibu. Na kuna mwingine aliyetaka magongo yalipe nauli. Nimewasamehe wote wawili, wa kwanza kwa kunitia aibu.

Jambo moja bado, nalo si la kuchekesha. Siku ya 88 nilienda eksirei nikiwa nimevaa gauni zuri. Nilijua ninaachiwa. Daktari akaitazama ile picha, akaitazama tena, akasema bado, rudi baada ya mwezi. Hapo mnataka niwaambie nilitabasamu? Nilirudi nyumbani, nikajifunika blanketi gubigubi na gauni langu, adhuhuri ikaadhiniwa sikukaza kitu, alasiri sikukaza kitu. Gunia la mashati liko pale, sikulitazama. Kijana alisimama mlangoni, akaona, akafunga mlango taratibu. Watu watawaambia muwe na moyo, na maana yao ni mchekecheke ili wao wasipate taabu. Siku kama hiyo ipo. Inaweza kuwa mbili. Mwacheni mtu alale.

Kesho yake adhana ililia, nami nikaketi. Sikuwa na imani yoyote, nataka mjue hivyo. Niliketi kwa sababu ndiyo saa ya kuketi. Nikanawa uso. Nikaita, "Leta hilo gunia."

Ni Machi siku niliporudi kibandani. Mwenzangu alikuwa amepangusa cherehani yangu na kuitia mafuta. Nikaweka mguu wa kushoto kwenye kikanyagio, mwembamba, umekakamaa, nikausukuma pole pole. Gurudumu likaenda mbele. Mwenzangu, bila kuinua macho, akaniuliza, "Zile sketi za Jumanne ziko tayari?"

Magongo yangu yako pale mlangoni, nimekuja nayo makusudi. Si ya kuuza. Nimekuwa wa tatu kuyatumia, na yana matundu ya kuyarefusha na kuyafupisha. Raba za chini ni mpya, nimebadilisha jana. Mwenye kuyahitaji tuonane kabla ya chai, nikupimie.